Dakika Kabla Sijafuta

Mimi si mtu wa kutulia, na kazi niliyoichagua haijanisaidia hata kidogo. Kila asubuhi, kabla sijavua ndala za nyumbani, nafungua kompyuta ndogo iliyo mezani na kuangalia mambo mawili: diski ya seva ya hospitali imejaa kiasi gani, na logi za tangu jana zimeingia zote au kuna iliyokwama. Naangalia maji ya chai yakiwa jikoni, naangalia tena nikishavaa viatu. Jumapili naangalia kwenye simu katikati ya mahubiri, nimeinamisha kichwa ili walio nyuma yangu wadhani ninaomba. Mume wangu anaiita ile seva mume mwenzake. "Mwenzangu kaamkaje leo?" ananiuliza. Nikimjibu bila kucheka kwamba kaamka na asilimia tisini, anajua siku hiyo chakula cha jioni atakipika yeye.

Nilizaliwa Majengo, hapa hapa Mpanda. Nilikwenda mbali kusomea kompyuta, nikarudi. Katika hospitali ninayofanyia kazi, kitengo changu kina mtu mmoja, ndiye mimi. Printa ikikwama naitwa mimi, televisheni ya pale wanapongojea wagonjwa isipoonyesha naitwa mimi, na kuna siku niliitwa kwa sababu ya friji. Lakini kazi yenyewe hasa ni kutunza mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, na ndani ya kazi hiyo kuna kitu kimoja kinachoninyima raha kuliko vyote, nacho ni logi.

Nieleze kidogo, maana bila hilo nitakayoyasema hayataeleweka. Kila kinachoingizwa kwenye mfumo wetu, mtoto akisajiliwa, kipimo kikijibiwa, dawa ikibadilishwa, kinaandikwa kwanza kwenye faili linaloitwa logi, kwa mpangilio wa saa, dakika na sekunde. Kila alfajiri mfumo unatoa nakala yake nzima. Ukiwa na nakala ya alfajiri, pamoja na logi zote zilizofuata, unaweza kuurudisha mfumo ulivyokuwa dakika yoyote unayoitaka. Unaweka nakala, unaisomea logi moja baada ya nyingine mpaka ile dakika, unasimamisha hapo. Ikikosekana logi moja katikati, za baada yake zote hazina kazi. Kwa hiyo nina hofu mbili zinazovutana: logi zisipotee, na logi zisijaze diski. Diski ikijaa mfumo unagoma, na hospitali nzima inasimama kunitazama.

Msimu wa mvua ninaousimulia, zilikuwa zinajaza. Zilitakiwa zinakiliwe kwenda kwenye seva nyingine iliyo mbali na Katavi, lakini mtandao wa kutoka nje ulikuwa wa kubahatisha. Leo upo, kesho umekatika siku mbili. Zisipoondoka zinarundikana. Nikaweka utaratibu kwamba kila siku saa saba mchana mfumo ufute wenyewe nakala na logi zilizozidi siku saba. Na kwa kiherehere changu, siku nyingine saa saba ilikuwa mbali mno. Nikiuona mchoro wa diski unapanda, nafuta kwa mkono asubuhi asubuhi, bila kuandika popote kwamba nimefuta.

Sasa kosa lenyewe. Kila Jumanne tuna kliniki ya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Umeme ukiyumba pale mapokezi, karani anabonyeza kuhifadhi, haoni jibu, anabonyeza tena, na mtoto mmoja anakuwa wawili kwenye mfumo. Wauguzi walikuwa wananilalamikia kila wiki. Jumanne moja asubuhi nikasema leo naliondoa hili tatizo. Lakini ungemjuaje aliyejirudia? Jina halikuwa la kutegemea. Huku kwetu mtoto anaweza kusajiliwa kabla hajapewa jina, akaandikwa tu "mtoto wa" mama fulani. Akiugua sana, wazee wanambadilishia, anapewa la bibi au la babu aliyetangulia, na mwezi unaofuata anakuja kliniki akiwa na jina jingine kabisa. Hilo nilikuwa nalijua vizuri, nikaringa nalo. Nikaliacha jina nje ya hesabu. Mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, kijiji kimoja, jinsia moja: huyo ni mtoto mmoja. Abaki aliyesajiliwa kwanza, anayefuata afutwe na kila kilicho chake. Amri ilikuwa na mistari sita. Nikabonyeza, kompyuta ikanijibu kwamba imefuta watoto hamsini na kitu, nikafurahi.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu Majengo kulikuwa na mapacha. Nimecheza nao rede, nimekula nao sahani moja, mmoja wao alinivunja jino. Neno pacha halikunipitia kichwani kabisa.

Wiki ikapita. Jumanne iliyofuata, saa nne na nusu, simu yangu ikalia. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, mama mtu mzima ambaye hapendi kompyuta na hafichi.

"Njoo mara moja," akasema. "Mfumo wako umemla mtoto."

Nikaenda nikijua nitakuta karani amekosea kuandika. Nilichokuta ni mama mmoja Msukuma, wa familia zilizohamia na ng'ombe upande wa Ugalla, amekaa kwenye benchi na watoto wawili wa kike wa kama miaka mitatu, nguo zao zimeshonwa kwa kitambaa kimoja. Mmoja alikuwa anatafuna kipande cha muhogo. Wa pili alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, anahema haraka haraka, mbavu zinaonekana zikiingia na kutoka. Nilipowaona wamekaa vile, sura moja mara mbili, ndipo neno pacha likanijia. Nilijua kabla sijaambiwa kitu.

"Nikiandika jina la mama, anatokea mtoto mmoja tu," akasema muuguzi mkuu. "Huyu anayekula. Huyu mgonjwa hayupo. Na wiki iliyopita alilazwa humu humu."

Daktari wa watoto alikuwa amesimama pembeni na chupa mbili ndogo za dawa ya unga mkononi, zile wanazochanganya na maji na kuchoma sindano. Sitaandika majina yake, mimi si mtu wa dawa. Pale wodini walikuwa wanazitofautisha kwa vifuniko, chekundu na bluu.

"Jumatatu ya wiki iliyopita usiku muuguzi wa zamu alinipigia," akaniambia. "Mtoto kachomwa sindano, kavimba uso na midomo, anakoroma. Nikamwelekeza la kufanya na nikamwambia abadilishe dawa. Mtoto akapona, asubuhi akaruhusiwa. Leo karudi na homa ya mapafu. Nina hizi mbili tu, ya tatu imekwisha stoo. Alianza na ipi, akabadilisha kwenda ipi, sikumbuki. Nikikwambia nakumbuka nitakuwa naongopa."

"Muuguzi mwenyewe?"

"Yuko kijijini Mamba kwenye msiba. Simu haipatikani tangu jana."

Nikamgeukia mama wa mtoto. "Mama, kadi ya huyu iko wapi?"

"Ndama aliitafuna, dada," akasema. "Nilianika nguo na kadi ililowa na mvua, nikaianika nayo. Nikakuta ndama anamalizia."

"Dawa yenyewe ulikuwa unaiona?"

"Nyeupe. Ya chupa."

Zote mbili zilikuwa nyeupe, za chupa. Hapo nikauliza swali ambalo sikupaswa kuliuliza. Niliuliza karatasi ya wodini, ile ya kuandika dawa za mgonjwa, ilikuwa wapi. Mimi ndiye niliyepigia debe karatasi ziondoke wodini. Nilizunguka idara zote nikihubiri kwamba karatasi zinapotea, mfumo haupotezi.

"Muuguzi aliandika yote kwenye kompyuta kabla hajatoka zamu," akasema muuguzi mkuu. "Nilimwona mimi mwenyewe, Jumanne asubuhi, anaandika mpaka watu wanamngojea kiti."

Daktari akaangalia saa yake. "Nakupa mpaka saa sita na nusu. Zaidi ya hapo nitachagua, maana kumwacha bila dawa nako ni kumwua."

Sikuwaambia nilichokifanya. Nilisema tu "nakwenda kumtafuta," nikatoka, na nilipofika nje nikaanza kukimbia. Mahesabu yalikuwa yanakwenda kichwani kwa fujo. Nakala ya alfajiri ya Jumanne iliyopita ilikuwa na mtoto, lakini haikuwa na dawa, kwa sababu dawa iliandikwa asubuhi baadaye. Na baadaye kidogo nikamfuta mtoto. Kati ya kuandika kwa yule muuguzi na kubonyeza kwangu kulikuwa na dakika chache ambazo mtoto na dawa yake walikuwemo wote wawili, na dakika hizo ziliishi kwenye logi tu. Logi hizo leo zilikuwa zinatimiza siku saba. Saa saba mchana zingefutwa.

Kama hazijafutwa tayari. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha seva nikijaribu kukumbuka kama asubuhi ile nilikuwa nimefuta kwa mkono. Nilijiona nimekaa kwenye kiti, nimeona asilimia tisini na nne, nimeshika kipanya. Lakini huko kujiona kulikuwa kwa leo, au kwa jana, au kwa wiki nzima? Kila siku nafanya vile vile na sikumbuki hata moja. Nilichukia tabia yangu kwa namna ambayo sijawahi kuichukia. Nenosiri nikalikosea mara mbili.

Zilikuwepo. Asubuhi ile printa ya maabara ilikwama na nikaitwa kabla sijafika kwenye kufuta. Nikazipitia namba za logi kwa kidole juu ya kioo, moja moja, nikizitaja kwa sauti kama mtu anayehesabu mbuzi wakiingia zizini. Hakuna iliyoruka. Nikauzima utaratibu wa kufuta wa saa saba. Mara hiyo hiyo mchoro wa diski ukanikumbusha kwamba nao upo: asilimia tisini na tano, inapanda, na sasa hapakuwa na kitu cha kuishusha.

Sikuweza kuurudisha nyuma mfumo wenyewe, maana ungepoteza wiki nzima ya wagonjwa wote wengine. Ilibidi nijenge mfano wake pembeni, kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa chumba cha mikutano. Nikanakili nakala na logi kwenye diski ya kubeba mkononi. Ilichukua karibu dakika ishirini, na dakika zote hizo nilikuwa nimesimama. Nilijaribu kukaa, nikashindwa. Nilizunguka meza, nikafungua dirisha, nikalifunga, nikaangalia asilimia: tisini na sita.

Halafu likaja swali la dakika. Mfumo ulinitaka niuambie usimame wapi, na mimi sikujua. Nikiuambia mapema mno, mtoto atakuwepo bila dawa yake. Nikiuambia kwa kuchelewa, mtoto atakuwa ameshafutwa. Kwa uoga nikachagua mapema. Nilijiambia zamu ya usiku inaisha saa moja na nusu, mtu hawezi kuandika zaidi ya saa mbili, nikaweka saa tatu na nusu asubuhi. Logi zetu zinatumia saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na juu ya hapo kompyuta haihesabu saa kama tunavyohesabu sisi, kwa hiyo nilipiga hesabu ile mara nne kwenye karatasi kabla ya kubonyeza.

Kompyuta ya zamani ikaanza kusoma logi taratibu sana. Nilitamani kuipiga teke. Ilipomaliza ilikuwa inakaribia saa sita kasoro robo. Nikaandika jina la mama, na watoto wawili wakatokea, mmoja chini ya mwingine. Nililia kidogo, nakiri. Nikafungua wa pili. Kulikuwa na kulazwa kwake Jumatatu, kulikuwa na uzito wake na joto lake, na mahali pa dawa palikuwa patupu. Muuguzi alikuwa hajafika hapo.

Ilibidi kuanza upya, na muda ulinitosha kujaribu mara moja tu. Nikatoka kwenye korido nikiwa sijui ninakokwenda, na hapo nikakutana na mama wa chai. Kila siku anapita idara kwa idara na chupa zake za chai na beseni la chapati, na ananiita mwanangu tangu siku ya kwanza, ingawa tumepishana miaka michache tu.

"Mwanangu, umelia?"

"Mama, Jumanne iliyopita ulipoleta chai, ulinikuta nafanya nini?"

Akaweka beseni chini. Nilidhani atashangaa swali, lakini hakushangaa. "Jumanne iliyopita ulikuwa umesimama hapo mlangoni unajisifu. Ukaniambia leo nimefagia, mama, nimefagia mpaka uvunguni. Nikakuuliza umefagia wapi, mbona vumbi liko pale pale?"

"Saa ngapi?"

"Kwako nafika nikitoka maabara. Wale wanataka chai saa nne kamili, ukichelewa wananuna. Kwako inakuwa saa nne na robo hivi."

Kwa hiyo kufikia saa nne na robo nilikuwa nimeshafuta. "Na muuguzi wa wodi ya watoto, yule wa zamu ya usiku, ulimwona siku ile?"

"Yule mwenye msiba? Nilimuuzia chapati mbili mlangoni pa maabara. Akaniambia, mama, nimekaa kuandika mpaka mgongo umekufa, ndiyo natoka sasa hivi. Nikamwambia nyie na kompyuta zenu, enzi za kalamu mlikuwa mnatoka saa mbili." Akaniangalia vizuri. "Kuna nini?"

Nilimshika mkono, nikauminya, nikarudi ndani. Muuguzi alimaliza saa nne kamili au kabla yake kidogo, mimi nilifuta kabla ya saa nne na robo. Amri ya mistari sita ilikuwa imenichukua muda kuiandika na kuisoma tena, na baada ya kuibonyeza sikukaa, nilisimama mlangoni kujisifu. Nikaweka saa nne na dakika nane, nikabonyeza kabla sijapata nafasi ya kubadili mawazo.

Nilipokuwa nangoja, seva kuu ikafika asilimia tisini na nane. Nikaanza kufuta vya kwangu: picha za semina, video za mafunzo nilizopakua usiku wa bando la bei nafuu, video ndefu ya sherehe ya kuweka jiwe la msingi la wodi mpya, ambayo uongozi uliniambia niitunze kwa gharama yoyote. Niliifuta hiyo kwa raha kabisa. Ikarudi tisini na sita. Simu yangu ikalia, alikuwa mtu wa mapokezi akiuliza mbona mfumo mzito, nikamkatia.

Saa sita na dakika ishirini kompyuta ya zamani ikasimama. Nikaandika jina la mama. Wawili. Nikafungua wa pili, nikashuka chini, na pale palipokuwa patupu kulikuwa na maandishi ya muuguzi, mengi, ya mtu mwangalifu: dawa aliyoanza nayo na rangi ya kifuniko chake, dakika ngapi baada ya sindano uso ulivimba, simu kwa daktari, dawa ya pili, mtoto amelala, mtoto amekunywa uji. Dawa aliyoanza nayo nikaiandika kiganjani kwa kalamu kwa sababu sikuiamini akili yangu. Nikapiga simu ya wodini, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena nikiwa nakimbia uwanjani, kwenye matope, kiatu kimoja nikakiacha humo.

Walikuwa hawajaingoja saa sita na nusu. Mtoto alikuwa amebadilika rangi ya midomo na daktari ameamua. Muuguzi mkuu alikuwa ameinama juu ya kitanda, sindano imeshavutwa dawa, mkono wa mtoto umeshashikwa na mama yake. Juu ya trei kulikuwa na chupa tupu, kifuniko chake chekundu kiko pembeni.

"Siyo hiyo!" nikapiga kelele. "Siyo nyekundu!"

Nikawaonyesha kiganja. Daktari akakisoma, akasogea, akakisoma tena kwa karibu. Muuguzi mkuu akaiweka sindano kwenye trei taratibu sana, akarudi nyuma hatua moja, akakaa kwenye kitanda cha jirani ambacho hakikuwa na mgonjwa. Sikuwahi kumwona amekaa akiwa zamu. Halafu akainuka, akafungua ile ya bluu.

Mchana ule mzima sikuweza kula. Niliwarudisha wote hamsini na kitu kwenye mfumo, halafu nikaanza kuwapitia mmoja mmoja na karani, tukipiga simu kwa wazazi, huyu alijirudia, huyu ni pacha, huyu alijirudia, huyu ni pacha. Nikamweleza mganga mkuu nilichofanya. Alinigombeza kwa haki, akaniandikia barua, na karatasi za dawa zikarudi wodini kwa amri yake. Nami niliiandika upya sehemu ya usajili ili mapacha waulizwe na waandikwe kuwa mapacha. Logi nazo sasa natunza za siku thelathini, kwenye diski mpya, na sifuti kitu kwa mkono. Wasiwasi haujapungua. Ila sasa nina wasiwasi na mimi mwenyewe zaidi kuliko na seva.

Siku ya tatu homa ya mtoto ilishuka. Nilikwenda wodini kumwambia mama yake ukweli, maana hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilimkuta anawalisha wote wawili uji kwa kikombe kimoja, kijiko huyu, kijiko huyu. Nilitamani mtu aniite kwenye printa.

"Mama," nikasema, "mtoto hakupotea mwenyewe kwenye kompyuta. Nilimfuta mimi. Nilidhani ameandikwa mara mbili."

Akaendelea kulisha. Nilidhani hajanielewa, nikaanza kurudia.

"Nimesikia, dada," akasema. "Kwa nini huyu? Kwa nini siyo mwenzake?"

"Hakuna sababu. Kompyuta ilibakiza aliyeandikwa kwanza, ikamtoa aliyefuata."

Kijiko kikasimama njiani. Uji ukadondoka kwenye kanga, akasema, tena si kwangu, "Siku ya kuwaandikisha nilikuja nao wote. Huyu alikuwa amelala mgongoni. Mwenzake alikuwa analia sana, nikamtanguliza yeye, nikampa sista." Akamtazama yule mgonjwa. "Kumbe nilimweka nyuma mimi."

"Hapana, mama. Si wewe. Ni mimi niliyefuta. Ungemtanguliza huyu, ningemfuta mwenzake. Kosa ni langu."

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama watu wanavyomwitikia mtu wa ofisini ambaye hawataki kubishana naye. Nilimweleza tena. Nikamwita muuguzi mmoja anayejua Kisukuma, akamweleza kwa lugha yake, kirefu. Aliitikia vile vile.

Juzi Jumanne walikuja kliniki. Safari hii aliyekuwa na maumivu ni yule mwingine, analia kwa sauti, ameshika mguu, watu kwenye foleni wameshawapisha wapite mbele. Karani akanyoosha mkono kumpokea. Mama akamvuta kutoka nyuma yake yule niliyemfuta, leo mzima, amesinzia, akamsimamisha mbele ya meza. Nikatoka pale nilipokuwa, nikamwambia, "Mama, mtangulize anayelia."

"Subiri, dada," akasema, bila kunitazama. "Aandikwe huyu kwanza."